Fundi Lifti Apanda Jukwaani

Sehemu ya Tisa

Mkono wa Lenzi ulikuwa bado kwenye kitasa.

Hapo ndipo tulipomwacha Jumamosi iliyopita, ndugu msomaji: mlango wa nyuma wa jumba la sinema la zamani, saa nane na nusu mchana, jua likimchoma utosini. Kupitia ufa wa mlango alikuwa amemwona mumewe, fundi lifti, mtu ambaye kila Jumamosi huaga kwamba anakwenda zamu. Zamu yenyewe ilikuwa imemkumbatia shingoni. Ilikuwa na wanja mzito hadi mashavuni.

"Fungua," alisema wifi yake nyuma yake.

Wifi huyu ni msusi, na ni dada wa damu wa fundi lifti. Alikuwa ameshavua hereni na kuzitia kwenye mkoba. Wateja wake wote wanajua hereni zikivuliwa maana yake nini.

"Ni kaka yako," Lenzi alimkumbusha.

"Ndiyo maana nakwambia fungua. Angekuwa mtu baki ningemstahi."

Lenzi akavuta mlango.

Hakukuwa na mtu. Mume hayupo, mwenye wanja hayupo. Kulikuwa na ukumbi mwembamba, nyaya zimetandazwa sakafuni kama matumbo, na mlinzi mmoja mwenye kifua kama kabati aliyetokea pembeni akiwa anatafuna.

"Bangili?"

"Bangili gani?" wifi akauliza.

"Ya karatasi, ya mkononi. Hii njia ni ya wanamuziki. Wazazi wanakaa upande wa mbele, kuna viti."

"Wazazi wa nani?"

"Wa hawa vijana. Si mmekuja kuchukua watoto?"

"Mimi si mzazi wa mtu," alisema Lenzi, kwa sauti ambayo mtu hutajia saa.

Wifi akaangalia chini. Mlinzi akaacha kutafuna.

Kwa anayeanza kusoma leo, Lenzi ni jina la kazini. Mwanamke huyu anakata vioo vya miwani kwenye duka la macho, kazi ya milimita, na hajawahi kurudishiwa kioo. Ana miaka thelathini na sita. Mwaka jana alipelekwa chumba cha upasuaji akiwa na mimba ya miezi tisa kasoro wiki moja. Alipozinduka, tumbo halikuwepo na mtoto hakuwepo. Tangu siku hiyo amekufa ganzi. Anakula vizuri, analala vizuri, kazini hakosi. Ila juzi alishika fremu iliyotoka kwenye mashine ya kupashia moto, na aliyemwambia kwamba kidole kinaungua alikuwa mteja, kwa kusikia harufu.

Ndiyo hali aliyokuja nayo kumfumania mumewe.

Wakazunguka mbele. Wifi akanunua tiketi mbili, wakafungwa bangili za karatasi za rangi ya zambarau. Pembeni ya mlango palikuwa na bango. Watu wanne wamepigwa picha kwa nyuma, hakuna sura hata moja. Juu yao limeandikwa jina la bendi: CHUMBA CHA PILI. Chini yake, kwa herufi ndogo: Onyesho la alasiri, majirani wameomba tumalize kabla ya saa kumi na mbili.

Lenzi alisogea karibu na bango kama anavyosogea kwenye kioo chenye mkwaruzo.

"Mgongo wa pili kutoka kulia," alisema.

"Una nini?"

"Nimelala nyuma yake miaka saba."

Wifi akatazama. Akatazama tena. "Kaka yangu? Huyu aliyekataa kucheza kwenye harusi yake mwenyewe?"

"Huyo huyo."

"Anaimba?"

"Wifi, hata mimi nasoma bango pamoja nawe."

Wakaingia.

Ndani palikuwa giza la sinema. Viti vilikuwa vimeng'olewa, watu wamesimama, wapata mia mbili, wengi hawajafika miaka ishirini na tano, nguo nyeusi tupu. Hakuna aliyekuwa akicheka. Boksi la tishu lilikuwa likipita mkono kwa mkono.

Wifi alimshika bega binti aliyesimama mbele yake. "Mwanangu, nani amefariki?"

"Hakuna, mama. Bado hawajaanza. Tunajiandaa."

"Mnajiandaa kwa lipi?"

"Kulia," alisema binti, na akampa tishu mbili, kwa adabu.

Wifi alizipokea.

Taa zikawaka buluu. Wakatokea watatu: mpiga ngoma mwembamba kama msumari, mpiga gitaa aliyefunikwa uso wote na nywele, na yule msichana wa wanja, akakaa kwenye kinanda. Ukumbi ukapiga makofi. Halafu, kabla ya wa nne kutokea, watu wakaanza kuita. Si kwa kelele. Waliita kama mtu anavyoita mlangoni.

"Baba. Baba. Baba."

Akatokea fundi lifti.

Alikuwa na ovaroli lake la kazi, lile la kijivu ambalo Lenzi hulifua kila Jumapili na kushangaa kwa nini siku hizi halina grisi. Gitaa la besi lilimning'inia tumboni. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, upara ukimwanza, na vijana mia mbili walikuwa wakimwita baba.

Akainua mkono. "Nipo," alisema.

Na akatabasamu. Lenzi aliyaona meno yake, na akajaribu kukumbuka mara ya mwisho kuyaona. Hakukumbuka. Aliliandika hilo kichwani kama anavyoandika namba za mteja kwenye kadi, jicho la kulia, jicho la kushoto, basi.

Muziki ukaanza. Gitaa lilikuwa likilalamika taratibu, ngoma zikaja juu yake ghafla, na yule msichana akaimba kwa sauti ya mtu anayepiga simu na kukuta imekatwa. Aliimba juu ya kitanda kilichofunguliwa skrubu na kuegemezwa ukutani. Aliimba juu ya rangi ya ukuta ambayo haikauki. Vijana waliimba naye kila neno, macho yamefumbwa, machozi yakitoka bila aibu. Sakafu ilitikisika. Lenzi aliuona mtikisiko kwenye maji ya chupa aliyoshika wifi yake, kwa maana miguuni hakuusikia.

"Wifi," msusi alimnong'oneza baada ya nyimbo tatu, na sauti yake ilikuwa na masikitiko. "Mimi sioni hawara hapa."

"Hata mimi simwoni."

"Nimekuja bure na viatu vya chini."

Kwenye mkoba wa Lenzi mlikuwa na barua ya uhamisho kwenda tawi la mji mwingine. Alitakiwa kuitia saini Jumatatu asubuhi. Alikuwa ameihifadhi wiki tatu bila kumwambia mtu, akingoja sababu. Hawara angekuwa sababu nzuri, kila mtu angemwelewa. Sasa utamwambiaje mtu kwamba umemwacha mumeo kwa kuwa anapiga besi?

Hapo ndipo fundi lifti alipoisogelea maiki.

"Huu wa mwisho mnaujua," alisema. "Naomba mniimbie. Mimi hufika katikati nikashindwa."

Tishu zikaacha kupita. Besi ikaanza peke yake, noti moja, ikirudiwa rudiwa, na yule mtu ambaye nyumbani huomba chumvi kwa kunyoosha kidole akafungua mdomo akaimba:

*Walinivika kofia ya karatasi*
*wakanipa wewe, kilo tatu na mvuke*
*ukanilalamikia mwanga wa taa*
*dakika kumi na moja za kelele zako.*

Na vijana mia mbili wakaitikia, kwa sauti moja, polepole:

*Mama yako amelala, hajui.*
*Mama yako amelala, hajui.*

Chupa ya maji ilimponyoka wifi.

"Wifi," alisema. "Wifi, huu wimbo ni wa nani?"

Lenzi alikuwa amesimama wima. Binti wa tishu alikuwa kando yake akiimba, kichwa nyuma, mishipa ya shingo imemtoka: *amelala, hajui*. Mwingine kushoto: *hajui*. Kijana mmoja alikuwa amejichora maneno hayo mkononi kwa kalamu.

Sasa nisikilize vizuri, msomaji, maana hapa ndipo kiini kilipo.

Siku ile Lenzi alipozinduka, aliyekuwa ameketi kitandani kwake alikuwa mama yake mzazi, mkunga mstaafu, mwanamke aliyezalisha nusu ya mtaa na ambaye hakuna nesi anayethubutu kumfungia mlango. Fundi lifti alikuwa amesimama dirishani, amewapa mgongo. Mama ndiye aliyesema. Alimshika binti yake mkono akamwambia: "Hakupumua, mwanangu. Alitoka kimya, kama jani. Hakuteseka." Siku ya tatu mama akagawa nguo zote za mtoto. Siku ya nne akahamia nyumbani kwa Lenzi, chumba cha pili; alikuja kwa wiki mbili, na mpaka leo yumo.

*Kimya, kama jani.* Lenzi alikuwa ameishi na maneno hayo kila siku. Alikuwa ameyazoea kama mtu anavyozoea kokoto kiatuni.

Na sasa watu asiowajua wanamwimbia kwamba mtoto wake alipiga kelele.

Alianza kutembea. Hakuzunguka pembeni, alikata katikati ya ukumbi moja kwa moja. Vijana walimpisha, wakidhani analia, mmoja hata akampapasa bega. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. Wifi alimfuata nyuma akisema samahani, samahani, samahani wanangu.

Kwenye mlango wa nyuma ya jukwaa alisimama yule mlinzi wa kifua.

"Mama, bangili ya zambarau haifiki huku."

"Mimi ndiye niliyelala," alisema Lenzi.

Mlinzi alikunja uso. Kutoka ukumbini kiitikio kilikuwa kikija kwa mara ya mwisho. Mlinzi alisikiliza, akamtazama yule mwanamke, akasikiliza tena. Kisha akasogea ukutani na kujibana hadi mlango ukawa wazi wote.

Chumba cha nyuma kilikuwa stoo ya viti vya sinema vilivyong'olewa. Walimkuta yule msichana ameshatangulia, anapangusa wanja. Chini ya wanja alikuwa mtu wa kawaida tu, amechoka, labda miaka ishirini na minne.

"Wewe ni mke wake," alisema. Hakuuliza.

"Wewe ni nani yake?"

"Mimi nilikwama kwenye lifti." Akaacha kupangusa wanja. "Mwaka jana, kati ya ghorofa ya sita na ya saba, na kinanda changu. Nilikuwa nimeanza kukosa pumzi. Yeye alikuwa upande wa pili wa mlango anafungua, ilichukua dakika arobaini. Aliniambia nimwimbie kitu ili ajue bado nipo. Nikaimba. Nikamwambia na yeye aniambie kitu. Akaniambia hicho ulichokisikia."

"Akakwambia wewe."

"Aliuambia mlango, dada. Mimi nilikuwa nyuma yake."

"Na kule kukumbatiana?" wifi akadakia, maana hakutaka siku ipotee yote.

"Hutetemeka kabla ya kupanda. Tunamshika hadi aache. Leo ilikuwa zamu yangu."

Mlango ukafunguka. Fundi lifti aliingia akiwa anavua gitaa, jasho likimtiririka. Akawaona. Mkanda wa gitaa ukamganda mkononi.

"Lifti imetengemaa?" Lenzi akamuuliza.

Msichana akachukua gitaa mikononi mwa fundi lifti, akatoka, akafunga mlango nyuma yake.

"Alilia?" Lenzi akauliza.

Fundi lifti akakaa kwenye kiti kimoja kibovu. Kiti kikalia kwa niaba yake.

"Alilia."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti kubwa. Nesi alicheka. Alisema binti huyu ana madai."

"Ulimshika."

"Nilimshika. Wewe ulikuwa bado umelazwa, wanashughulika na damu. Walinipeleka chumba cha kando, wakanipa."

Lenzi aliitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia mteja anayeeleza anavyoona ukungu. Wifi alikuwa ameanza kulia. Tishu mbili za yule binti zilikuwa zimepata kazi.

"Watu mia mbili," Lenzi alisema. "Wanakujua wewe, wanamjua yeye. Wameandika mikononi. Na mimi nakupikia."

"Najua."

"Kwa nini?"

"Uliponea chupuchupu. Niliambiwa ukijua alikuwa hai kisha akaondoka, hutanyanyuka. Niliambiwa ni huruma." Alijifuta uso kwa mkono wa ovaroli. "Wiki ya kwanza nikanyamaza kwa ajili yako. Baadaye nikawa nimenyamaza mno, sikujua pa kuanzia. Kila nikikuangalia umeshika kisu unakata vitunguu, nasema leo. Halafu sisemi. Huku nilikuwa nasema."

"Uliambiwa na nani?"

Fundi lifti akatazama sakafu. Badala ya kujibu alitoa simu mfukoni, akaibonyeza, akaishika kwa mikono miwili.

"Nilimrekodi," alisema. "Picha sikuwahi, mkono mmoja ulikuwa na mtoto. Nilirekodi sauti, ili ukizinduka uisikie. Sijamwekea mtu. Hata hawa wa bendi hawajui."

"Wifi, si hapa," msusi alisema. "Twende nyumbani kwanza. Ukae, unywe maji."

"Hapa," alisema Lenzi. Akaichukua simu, akaiweka sikioni, akabonyeza.

Alisikiliza amesimama.

Kwanza kulikuwa na mkwaruzo, kitambaa kikisugua simu. Kisha ikaja. Sauti nyembamba, kali, yenye hasira, ikipanda, ikivuta pumzi, ikipanda tena. Hakuna jani linalolia hivyo. Lenzi alihesabu pumzi. Moja, mbili, tatu, nne. Pumzi nzuri, za mapafu yanayofanya kazi. Alisubiri kitu kimpande kifuani. Hakikupanda.

Kisha mlango ulifunguliwa ndani ya ile sauti, na mtu akaongea. Mwanamke. Sauti ile ile inayomwamsha kila asubuhi na kumwambia chai iko mezani.

*"Zima hiyo simu. Nipe mimi mtoto."*

Rekodi ikakatika. Mtoto alikuwa bado analia.

Lenzi alirudisha nyuma akasikiliza tena. Mara ya tatu akashusha simu.

"Ni mama yangu," alisema.

"Ndiyo."

"Dakika kumi na moja ni za nini?"

"Za kumshika. Nilikuwa nikitazama saa ya ukutani."

"Kisha?"

"Kisha mama akaja. Akasema mtoto anahitaji joto, atampeleka kwa daktari. Nikampa."

"Ukampa analia."

"Analia."

"Nani alikwambia amekufa?"

Fundi lifti alifungua mdomo. Unajua, msomaji, mtu anaweza kutunga nyimbo kumi juu ya jambo moja na asiwahi kuulizwa swali jepesi. Rangi ilimtoka usoni kidogo kidogo, kuanzia kwenye upara.

"Mama," alisema. "Alirudi baada ya nusu saa. Akasema imekwisha."

"Ulimwona?"

"Niliona kisanduku."

"Kimefunguliwa?"

"Kimefungwa. Alisema si vizuri nimwone, nibaki na picha ya alivyokuwa. Mimi nilikuwa nawaza wewe, damu..."

Nje ukumbini vijana walikuwa wakiondoka, viatu vizito vikiburuzwa, mtu mmoja akipiga mluzi wa kile kiitikio. Lenzi alifungua mkoba wake, akasukuma kando barua ya uhamisho, akatoa simu yake. Akapiga namba ya mama yake.

Haikupatikana.

Akapiga tena. Haikupatikana.

"Hataipokea," alisema wifi.

Wote wawili wakamgeukia. Msusi alikuwa ameacha kulia. Alikuwa amesimama karibu na mlango, ameshika hereni zake kiganjani, anaziangalia kama za mtu mwingine.

"Asubuhi alikuja saluni, nikamsuka," alisema. "Alikuwa na begi la safari. Nikamuuliza anakwenda wapi, akasema kumwona mtu, atarudi Jumatano, nisiwaambie msije mkahangaika. Sikujali. Nilijua ni shughuli zake za ukunga."

"Kumwona nani?" Lenzi akauliza.

"Hakusema. Ila aliniuliza jambo moja, wifi. Wakati namalizia msuko wa mwisho." Akafumba kiganja juu ya hereni. "Aliniuliza mtoto wa kike aliyeanza juzi kutembea anavaa kiatu namba ngapi."